Mtunza Meza na Mpira Mweusi wa Mwisho

Wapo watu hapa Singida mjini ambao mpaka leo wakimtaja yule mzee wanacheka. Wanasema alikuwa mtumishi wa Wazungu aliyebaki na mchezo wa Wazungu baada ya wenyewe kuondoka. Wengine, wenye roho nzuri zaidi, wanasema hapajawahi kuwa na mtu mkweli kama yeye. Wote wamekosea, na nitaeleza kwa nini. Mimi sikusoma. Darasa la pili niliaga nikaenda kuchunga, na ukubwani nilijifundisha useremala kwa kubomoa viti vibovu vya watu na kuviunda upya. Lakini yule mzee nilimjua miaka mingi, nilicheza naye, meza yake niliitengeneza kwa mikono hii, na siku walipokuja kumnyang'anya mimi ndiye niliyeshika spana. Anayetaka kubishana nami aseme kwanza yeye siku hiyo alikuwa wapi.

Tulimwita Mtunza Meza. Jina la wazazi alikuwa nalo kama watu wote, ila sikuwahi kusikia mtu akimwita kwa hilo, na yeye hakulidai.

Meza yenyewe ilikuwa ya biliadi, katika ukumbi uliokuwa klabu ya Wazungu. Ndefu, watu wanne wangelala juu yake bila kugusana. Juu kitambaa cha kijani, tundu sita, miguu minene kuliko mapaja yangu. Wengi hawakujua kwamba chini ya kile kitambaa kulikuwa na mawe bapa meusi, matano, na kila moja linataka wanaume wanne kulinyanyua. Kumbuka hayo mawe, maana ndiyo yaliyoleta ugomvi wote. Meza hiyo ilikuwa kazi ya Mtunza Meza, na nyumbani kwake, na kitu pekee mjini ambacho hakuna aliyekijua kumshinda. Walipotaka kuichukua walikuwa wanachukua vyote hivyo kwa lori moja.

Enzi za klabu alivaa koti jeupe lenye vifungo vya shaba, akasimama pembeni kwenye ubao wa hesabu, akisogeza kishale kila Mzungu alipopata pointi. Asubuhi alipiga brashi kitambaa kuelekea upande mmoja tu, kisha akakipitishia pasi ya mkaa iliyopoapoa. Mipira alikuwa akiitoa tunduni. Fimbo alipewa aipake chaki na kuirudisha. Kupiga hakuruhusiwa, hata mara moja, hata ukumbi ukiwa mtupu.

"Walinifunga mikono," aliniambia, "wakasahau macho."

Na hapo ndipo ujuzi wake wote ulipotoka. Mchezaji anainama nyuma ya mpira wake, anaona njia yake mwenyewe. Mtu aliyesimama pembeni na ubao anaona mpira unavyougonga ukingo wa meza na unavyorudi, mara mamia kwa mamia, mwaka hadi mwaka. Hao waliokuwa wakilipa ada ya klabu walikuwa wanacheza. Yeye alikuwa anasoma.

Aliyekuwa mpishi wa klabu alinisimulia Mtunza Meza alivyopiga kwa mara ya kwanza. Ilikuwa mchana, siku chache baada ya Uhuru, alipokabidhiwa ufunguo. Aliweka mpira mweupe pembeni kabisa, akaweka mwekundu mahali ambapo njia iliyonyooka imezibwa na mpira mwingine. Akachukua fimbo, akainama, akapiga. Mweupe ukagonga ukingo wa kwanza, wa pili, wa tatu, ukaja taratibu ukaugusa mwekundu. Akairudisha fimbo kwenye kishikizo chake akaenda kula. Mpishi akamuuliza mbona ameacha. Akajibu, "Huo ndio niliokuwa nao kichwani. Mingine nitaitafuta kesho."

Hakulivua lile koti, na hilo lilimletea maneno. Vijana wa mjini walimwambia avue nguo ya utumwa. Hakubishana nao. Alikwenda nyumbani, akakata vifungo vyote vya shaba kwa kisu, akarudi navyo ukumbini, akaniita niitoboe mbao ya juu ya ukingo na kuvipigilia humo, kimoja baada ya kingine kwa nafasi sawa, kuzunguka meza nzima. Tangu siku hiyo koti lake likafungwa kwa kamba, na vile vifungo vikawa alama za kulengea. Waliomcheka walipoanza kujifunza mchezo, walijifunza kwa kuhesabu vifungo vya koti walilolicheka.

Sasa nieleze alivyofundisha, maana wapo wanaocheza pool siku hizi kwenye baa wakidhani kugongesha ukingo ni bahati. Si bahati.

Kuna mpira wa kurudi na kuna mpira wa kuzunguka. Wa kurudi ni pale unapopiga mweupe, mweupe ukagonga mpira unaoutaka, na huo unaoutaka ndio ukaenda ukingoni na kurudi kuingia tunduni. Wa kuzunguka ni pale ulipofichwa: mwenzako ameziba njia, mpira wako huuoni, basi mweupe wenyewe unaanza kwa ukingo ndipo uje kugonga. Mpira ulionyooka hakuufundisha kabisa. Alisema huo hauhitaji mwalimu, unahitaji macho mawili na usingizi wa kutosha.

Kwa mpira wa kurudi alikuwa na kopo la maziwa na kigoda. Alikuuliza unataka tundu gani. Ukitaja, yeye anapima kwa hatua toka tundu hilo hadi ukingo wa upande wa pili, anauvuka ukingo, anahesabu hatua zile zile kwenda nje ya meza, hapo sakafuni anaweka kigoda na juu yake kopo. "Hiyo ni meza ya jirani," anasema. "Imebandikwa na yako, ukingo ndio ukuta. Tundu lako liko kule kwa jirani. Piga kopo." Unalenga kopo kana kwamba ukingo haupo. Mpira unaenda, ukingo unaukatalia, unarudi na kuingia tundu lako huku. Mara ya kwanza nilipoona hivyo niliangalia chini ya meza kama kuna kamba. Baada ya wiki mbili aliondoa kopo. Baada ya mwezi aliondoa kigoda, na wewe ukabaki na jirani yako kichwani.

Kwa mpira wa kuzunguka alitumia vifungo, na mgawanyo aliufananisha na kugawa mtama. Kama mweupe na mpira unaoutaka iko mbali na ukingo kwa kipimo kimoja, gonga kifungo cha katikati yao. Kama mmoja uko mbali mara mbili ya mwingine, gawa nafasi iliyo kati yao mafungu matatu, ulio karibu na ukingo upewe fungu moja, ulio mbali upewe mawili. Hapo ndipo pa kugonga. Mimi niliyeshindwa hesabu darasani nikapigwa viboko, nilijikuta nagawa kwa tatu na kwa tano bila kuumwa kichwa. Mwalimu wangu wa darasa la pili hakuwahi kuniambia kinachogawanywa ni nini.

Lakini kwake yeye kulenga kulikuwa nusu. Nusu nyingine ilikuwa adabu, na hapo ndipo alipokuwa mkali hata watu wakamchukia. Usiweke mkono juu ya ukingo wakati mwenzako anacheza. Usisimame nyuma ya tundu analolilenga. Pima kwa fimbo hewani ukitaka, lakini usiilaze juu ya kitambaa. Kabla hujainama, taja: mpira gani, ukingo gani, tundu gani. Mpira ukiingia kwa njia ambayo hukuikusudia, usingoje kuulizwa, sema mwenyewe, "Nimeokota." Unarudishwa mezani, na mwenzako anapiga. Niliona watu wazima, wenye wake na ng'ombe, wakisema nimeokota kwa sauti ya mtu anayekiri wizi.

Na ukifichwa usilalamike. Simamisha fimbo, mwambie mwenzako, "Umenificha vizuri." Kisha ujaribu kwa kweli. Hiyo ilikuwa sheria ya juu kuliko zote. Wapo wajanja ambao wakifichwa wanausukuma mweupe kidogo tu ili wasiharibu mambo, wanajifanya wamekosa. Kwake yeye mtu huyo alikuwa mwizi, tena wa aina mbaya, maana mwizi wa kawaida anajua kwamba anaiba. Mpira ulirudishwa pale pale, na wewe ulipiga tena na tena mpaka ujaribu kama mtu mwenye nia.

Jambo lililowaudhi wazee wetu zaidi lilikuwa shikamoo. Kwetu, mzee akiingia mahali, unaacha ulichoshika unamwamkia. Mtunza Meza alikataza mtu aliyeinama kunyanyuka. Mzee aingie, mkuu aingie, wewe maliza pigo lako. Siku moja baba mkwe wangu aliingia ukumbini kunitafuta, mimi nimeinama, mpira wa kuzunguka, kifungo nimeshakichagua. Nilimsikia akikohoa. Jasho lilinitoka, lakini nilibaki chini, nikapiga, kisha nikaenda na kumwamkia kwa mikono miwili. Hakuitikia. Akamgeukia Mtunza Meza akamuuliza ni shule gani hii ya kufundisha watoto wa watu utovu wa adabu. Mtunza Meza naye alikuwa mdogo kwake kwa umri. Akamwamkia vizuri kabisa, akangoja aitikiwe, ndipo akasema, "Mzee, huyu amekuheshimu. Angenyanyuka angekuamkia akiwa na hasira ya mpira moyoni. Sasa amekuamkia mzima mzima." Baba mkwe alikaa miezi mitatu bila kuja kwangu. Alipokuja, alitaka kujua kama ule mpira uliingia.

Usidhani basi alikuwa mtakatifu. Kwenye bao alikuwa mwizi wa wazi. Alicheza bao mchana nje ya ukumbi, akificha kete kiganjani, akizirudisha shimo lisilo lake huku akikuuliza habari za watoto. Ukimshika anacheka. Nilimuuliza inakuwaje mtu mmoja awe na roho mbili. Akasema kwenye bao kila mtu anajua mwenzake anaiba, kwa hiyo hakuna anayeibiwa. Sikukubali jibu hilo na sijalikubali mpaka leo.

Na alikuwa na ubishi wa mwenye kiburi. Ule utepe wa mpira uliobandikwa ndani ya kingo ulipoliwa na joto, mimi ndiye niliyekata vipande vya mpira wa gari na kuvibandika. Nilivibandika chini mno, upana wa kucha tu. Mipira ikawa inaruka badala ya kurudi. Mtu mwingine angenitukana. Yeye alisema, "Sawa, umeniletea meza nyingine," akanikataza nisivibandue, akakaa na meza ile wiki nzima akijifunza upya, mpaka nilipoona aibu nikaja asubuhi na mapema nikavibandua bila ruhusa. Hakunishukuru. Alisema nimemharibia, alikuwa ameshaanza kuijua.

Sasa nije kwenye habari ya mawe.

Baada ya Azimio, na hasa watu walipoanza kuhamia vijijini, ukumbi ukawa chini ya kamati. Katibu wa kamati hakuwa mtu mbaya. Alitoka mkoa mwingine, kijana msomi, na jioni nyingi alikuja kucheza. Alipiga mipira iliyonyooka kwa nguvu, na alifundishwa kutaja na kusema nimeokota kama sisi wengine. Yeye mwenyewe alikuwa akimwita Mtunza Meza "Mwalimu wangu". Lakini kilikuwepo kijiji kipya ng'ambo ya Issuna kilichojenga shule na hakikuwa na mbao za kuandikia. Mtu mmoja akakumbuka kwamba ukumbini kuna mawe meusi matano laini kama ubao. Kamati ikakaa, ikaamua: meza ni anasa, watu wanapoteza saa za kazi, mawe yaende shuleni, mbao ziwe madawati.

Walimwita wamweleze. Mimi nilikuwepo, maana waliniita kama fundi. Aliingia na koti lake la kamba, hakukaa.

"Watoto siwapingi," alisema. "Lakini nijibuni. Mlisema vitu vya Wazungu sasa ni vya wananchi. Mimi ni mwananchi. Meza hii nimeitazama kwa miaka bila kuigusa, nimeigusa juzi tu. Nyinyi mnaichukua kutoka kwa nani?"

Mjumbe mmoja akamwambia hiyo ni kasumba, mzee mzima kushikilia mchezo wa mabwana zake. Mtunza Meza akamgeukia. Akasema, "Mabwana zangu walikuwa hawawezi kupiga kwa ukingo. Huu ni mchezo wangu." Akatoka. Katibu aliandika, kichwa chini. Uamuzi ukabaki pale pale.

Lori liliazimwa kwa siku moja. Hilo kila mtu alilijua, maana magari yalikuwa ya shida na mafuta yalikuwa ya shida zaidi. Lingefika asubuhi, na saa sita kamili liwe barabarani, maana lilikuwa na safari nyingine. Likiondoka bila mawe, hakuna aliyejua lingepatikana jingine mwaka gani, na huenda kamati ingekuwa imeshageukia jambo jingine. Kwa hiyo kwa Mtunza Meza habari yote ilikuwa moja: meza ivuke saa sita.

Nilifika na sanduku langu la vifaa pamoja na Katibu na vibarua sita. Tukamkuta ameshapanga mipira na ameshapiga pigo la kwanza. Akaninyooshea fimbo ya pili.

"Zamu yako, Fundi."

Katibu akamwambia kwa upole kwamba gari linasubiri. Mtunza Meza hakumgeukia. Akasema mchezo ulioanza haukatwi, na Katibu anajua, alifundishwa sheria hiyo mezani hapo hapo. Vibarua wakatazamana. Katibu akavuta kiti, akaketi, akatazama saa yake. Ilikuwa saa tatu na dakika chache.

"Wamalize," akasema.

Mpaka leo namheshimu kijana yule kwa neno hilo.

Tukacheza. Sijawahi kuona mtu akicheza polepole vile bila kuvunja sheria hata moja. Alizunguka meza mara mbili kabla ya kila pigo. Alipaka chaki kama anayepaka mtoto mafuta. Kila alichotaja kilikuwa kigumu, kingo mbili, kingo tatu, mipira ambayo hata yeye huikosa mara nyingi, na aliikosa, lakini aliikosa kwa haki. Dereva akapiga honi. Watu wakaanza kujaa madirishani. Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Wote tulielewa kinachoendelea, na nadhani hata Katibu alikuwa anatutakia mema.

Ikabaki mipira mitatu: wangu mmoja, wake mmoja, na mweusi unaomaliza mchezo. Mtunza Meza alikosa, na mweupe ukasimama nyuma ya mwingine kiasi kwamba mpira wangu sikuuona. Nilifichwa. Nikafikiri: hapa ndipo pa kumsaidia. Nikisukuma kidogo tu, mambo yabaki yalivyo, tutafika saa sita. Nikataja kifungo, nikainama, nikausukuma mweupe ukafia katikati ya kitambaa.

"Pole," nikasema. "Nimekosa."

"Rudisha mpira," akasema Mtunza Meza. "Hukukosa. Umeacha."

Watu wote wale madirishani. Nilimtazama ili anielewe, nikamkonyeza kabisa. Akasema kwa sauti ya kusikika nje kwamba hajawahi kufundisha wezi na hataanza leo, hata kama mwizi anamwibia yeye. Nikarudisha mpira. Nilikuwa na hasira nikapiga kwa kweli, ukingo ukanipa, mpira ukaingia, na uliofuata nikaukosa kwa haki. Yeye akaingiza wake. Ukabaki mweusi peke yake. Ilikuwa saa tano na nusu.

Mweusi ulikuwa umeganda karibu na ukingo, katikati ya tundu mbili. Njia ya moja kwa moja haikuwepo. Ulikuwa mpira wa kurudi, kwenda ukingo ule wa karibu na kuja kuvuka meza yote hadi tundu la katikati upande wa pili. Mtu yeyote angeukosa bila kulaumiwa. Angeukosa, ningekosa na mimi, angekosa tena, na lori lingekwenda zake. Nilisikia mwanamke dirishani akisema kwa Kinyaturu, taratibu, kosa baba, kosa.

Akataja: mweusi, ukingo wa karibu, tundu la katikati. Akainama. Akapiga kwa nguvu kuliko kawaida yake. Mweusi ukagonga, ukarudi, ukavuka kitambaa chote na kuingia katikati ya tundu bila kugusa mdomo wake.

Alisimama vile vile, fimbo mkononi, akilitazama tundu. Midomo yake ilicheza kama mtu anayetaka kusema jambo. Kisha akailaza fimbo.

"Fungua, Fundi."

Nikafungua. Mawe yalipakiwa saa sita kasoro. Habari ile ikaenea mpaka Manyoni: mzee ambaye angeweza kuiokoa meza yake kwa kukosa mpira mmoja, akakataa kudanganya. Mimi ndiye niliyeieneza. Niliisimulia kwenye vilabu vya pombe, kwenye misiba, kwa mafundi wangu kila mmoja alipoharibu kazi akaficha.

Kule kijijini kuta za shule zilikuwa za udongo, hazikuweza kubeba jiwe. Nililitengenezea moja kitako cha mbao likasimama, mengine manne yakawa ya kukalia nje. Mwaka uliofuata na mimi nikahamishiwa huko huko, na kilipokuja kisomo cha watu wazima, mchana baada ya shamba, nilikaa mbele ya jiwe lile na watu wenye mvi nikaunganisha herufi. Mkono huu unaoandika ulijifunzia pale. Kwa hiyo asije mtu kuniambia meza ilipotea bure. Na asije mwingine kuniambia kwamba ilikuwa haki kumnyang'anya. Yote mawili nayakataa.

Miaka ikapita. Nilirudi mjini, nikafungua karakana yangu, mafundi wanane. Nikasikia Mtunza Meza anaishi kwa binti yake, kule Mwankoko, nikaenda. Nilimkuta amekaa uani anachimba gogo la mzinga wa nyuki kwa patasi, amekonda, mikono ile ile.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, Fundi. Patasi hii butu. Una nyingine?"

Nikampa yangu. Nikamweleza kwamba nimejua kusoma, na jiwe lililonifundisha ni lake. Nilitegemea afurahi. Aliendelea kuchimba. Nikamwambia pia kwamba nafikiri kuiandika habari yake, hasa ile siku ya mweusi, ili watoto wajue palikuwa na mtu wa namna hiyo. Hapo akaweka patasi chini.

"Wanasemaje watu?"

"Wanasema hakuna mkweli kama wewe."

Akapangusa vumbi la mti magotini, polepole.

"Nililenga kukosa," akasema.

Nilidhani sikusikia. Akarudia. Alisema alichagua pa kugonga nusu kifungo nje ya mahali panapostahili, mweusi uje ufie ukingoni pembeni ya tundu, watu waseme mzee amejitahidi. Lakini alikuwa na hasira na lori, na kamati, na mimi, na hasira ikaingia mkononi. Mpira ukipigwa kwa nguvu unarudi kwa kubana, yaani hautanuki sana kutoka pale ulipotokea. Nguvu ikala ile nusu kifungo yote.

"Niliokota, Fundi. Niliokota na sikusema."

Nikakaa chini mwenyewe bila kukaribishwa. Nikamwambia angesema neno hilo moja, mpira ungerudishwa mezani, zamu ingekuwa yangu, na saa sita ingetukuta hapo. Meza ingebaki.

"Unadhani sijui? Nimelijua kabla mpira haujatua tunduni. Lakini ningesema nini? Niliokota, kwa kuwa nililenga kwingine? Mbele ya Katibu? Dakika kumi nyuma nimekuita mwizi mbele ya mji mzima." Akaokota patasi. "Nikachagua meza iende."

"Unajuta?"

"Sijuti. Wangenikuta leo ningelenga kukosa tena, ila ningepiga taratibu. Kama unaandika, andika hivyo. Yule malaika wenu simjui, asije akakaa kwenye jina langu."

Nikamwambia nitaandika. Kisha nikamuuliza, kwa kuwa jambo lenyewe lilikuwa bado linaniuma miaka yote hiyo, kama basi nifute ile sehemu ya kunikemea mimi, kwa kuwa sote wawili tulifanya kosa lile lile siku ile ile.

Aliiegemeza patasi yangu kwenye gogo.

"Hiyo usifute," akasema. "Mimi nililenga kukosa, na hakuna aliyejua. Wewe ulisukuma mpira kama mtu anayefukuza kuku. Hata kudanganya hukujua."